Ungo Umevunjika, Tunakungoja

Kisaki,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena mara ya pili, maana ile ya kwanza inaweza kuzuiwa mlangoni kwa jinsi ninavyosikia hali ya nyumba hiyo ilivyo juu yangu. Mgongo unaendeleaje? Na macho, ile dawa ya matone bado unaitia, au umeiweka juu ya kabati ukingoja yapone yenyewe? Huko najua mnaota moto na masweta mawili mawili. Huku joto linatutoa roho, mikeka tunatandika barazani tangu saa kumi. Mke wangu hajambo. Neema hajambo, ana miaka minne sasa na mdomo wa mtu wa arobaini. Mwenye jambo ni mimi.

Nawe unayemsomea bibi yako, hujambo mpwa wangu Sesilia? Najua ni wewe, kwa kuwa macho ya bibi hayaoni tena herufi, na kwa kuwa siku hizi wewe ndiye unayeshinda ndani. Soma taratibu. Usiruke mstari hata pale mjomba wako atakapoonekana mjinga, na patakuwa na mahali kadhaa pa namna hiyo. Na ikiwa barua imeangukia kwanza mikononi mwa Dada Regina, basi Dada, shikamoo, na nakuomba usiichane. Ni ya mama. Ichane akishasomewa.

Mama, naandika kwa sababu simu zimenishinda. Nimempigia Dada siku tisa mfululizo, hapokei. Yako wewe anaitunza yeye. Juzi nikaazima simu ya Mwalimu Yustina, huyu binti wa huko huko Mgeta anayefundisha shule ya hapa, namba ambayo Dada haijui. Akapokea, akasema "Haloo," na kabla sijafungua kinywa akakata. Nikabaki najiuliza amejuaje. Mke wangu ndiye aliyenionyesha kwamba nilipiga nikiwa nimesimama mlangoni pa mashine, injini inanguruma mgongoni. Mlio ule Dada anaujua kuliko anavyoijua sauti yangu. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Mwalimu Yustina anaondoka kesho alfajiri kuja likizo, ndiye mwenye barua hii, mpeni chai. Ukiona karatasi ina unga, Sesilia, ikung'ute tu.

Unajua nilivyo hapa. Mashine ni moja na mtu wa mashine ni mmoja. Mimi ndiye ninayezungusha hendeli asubuhi, mimi ndiye ninayepokea mahindi, ninayekoboa, ninayesaga, ninayebadilisha chekeche likitoboka, ninayelala chini ya mkanda na kopo la grisi, na jioni ndiye ninayefagia pumba. Mwaka juzi ulipougua nikaja kukuona, nilimwachia jirani kwa siku mbili tu. Akasaga mahindi yenye nati ndani. Chekeche likachanika, na watu wa Kisaki wakala ugali wenye chembe za chuma. Mzee mmoja mpaka leo akinipita barabarani ananionyesha jino. Tangu hapo sijamwachia mtu hendeli. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, na mimi chawa wananila.

Kelele nazo zimenila masikio. Nyumbani naongea kama mtu aliye ng'ambo ya bonde anayemwita mwenzake shambani. Neema kajifunza kwangu, naye anaongea hivyo hivyo. Mgeni akiingia anadhani tunagombana, kumbe tunaombana chumvi.

Sasa nikwambie lilivyotokea, maana najua umelisikia kwa upande mmoja.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Foleni ya wanawake imetoka mlangoni mpaka barabarani, kila mmoja na debe lake na kila mmoja na ungo wake wa kupepetea. Katika kusukumana, mama mmoja akaukanyaga ungo wa mwenzake, ukapasuka katikati. Wee! Vita.

"Umenivunjia ungo wangu!"

"Ungo gani, ule ulioliwa na panya?"

"Utaniletea ungo leo hii, kabla jua halijazama!"

Mimi niko katikati yao, uso mweupe kwa unga, mkono mmoja nawaamua, mkono mwingine nazuia mahindi yasimwagike. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa, nikasoma: "Kasimiri, ungo umevunjika huku nyumbani. Tunakungoja."

Mama, nilicheka. Nilisema moyoni, leo ni siku ya nyungo dunia nzima. Nikamjibu Dada kwa kidole gumba chenye grisi: "Tafuteni mwingine. Mimi siwezi kuacha kazi kwa jambo dogo kama hilo." Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kusaga.

Hapo usinyamaze, Sesilia. Msomee bibi.

Siku mbili zikapita, Dada kimya. Nikaona labda nimemjibu kwa ukali, nawe ulitufundisha kwamba ndugu hajibiwi kama mteja. Basi nikaenda kwa mama mmoja hapa anayesuka vizuri, nikanunua ungo, mpana, wa mianzi iliyokauka barabara. Nikaupeleka kwenye basi la Morogoro. Kondakta akaniambia mzigo usio na jina haupandi, akanipa kalamu nene. Nikaandika pembezoni: KWA DADA REGINA, MGETA. Na kwa kuwa nafasi ilibaki, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema, nikaongeza: HUU NI IMARA, HAUVUNJIKI.

Nimeandika hivyo kwa mkono wangu. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Bwana Mohamedi, dereva wa lori la kabichi, aliuchukua mjini akaupandisha kwenu. Kesho yake akanipigia. "Mzigo umefika. Dada yako kaniuliza, amekuja mwenyewe? Nikamwambia katuma. Kausoma, kaingia nao ndani. Karudi, kasema nikwambie hivi: wamekwisha pata mwingine." Nikamshukuru. Nikafikiri, vizuri, sasa wana nyungo mbili.

Jioni ile, tukiwa mezani, nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Nikamwambia watu wa kwetu wana makuu, ungo mmoja ukivunjika wanaita mtu kutoka Kisaki. Yeye hakucheka.

"Kasema wamepata mwingine? Mwingine nani?"

"Mwingine nini, useme. Ungo, mama Neema. Tunaongea habari za ungo."

"Hebu lete simu."

Akasoma. Akarudia kusoma. Akanawa mkono, na sahani yake bado imejaa.

"Sesilia ana miaka mingapi?"

"Kumi na tatu, kumi na minne. Si amemaliza la saba juzi?"

"Na ungo umevunjika nyumbani kwao."

"Ndiyo."

"Na wanakungoja wewe. Mjomba wake."

Tonge nikalirudisha kwenye sahani, Mama. Mke wangu, unajua, ni Mluguru wa Matombo, mambo haya hafundishwi. Akaniambia, "Baba Neema, nani amngojee mwanaume atoke Kisaki mpaka Mgeta kwa ajili ya ungo wa kupepetea? Mtoto amekuwa mwali. Dada yako amekuita kwa adabu, kwa sababu wewe ni kaka yake na hawezi kukutajia. Na wewe umemwambia atafute mjomba mwingine. Kisha ukamtumia mtoto ungo." Akanirudishia simu. "Umeandika nini vile?"

 Maneno yale alikwisha kuyajua, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia nikijisifu.

Ningekuwa dereva ningeelewa. Ningekuwa mwalimu ningeelewa. Mtu yeyote mwenye akili zake akisikia ungo umevunjika na kuna msichana ndani ya nyumba, anaelewa. Lakini mimi ungo kwangu ni ungo, nashinda nao kutwa, nauona usingizini. Mashine imenisaga hata lugha. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo, nikajaribu kuisoma ile meseji yangu kwa macho ya Dada. "Tafuteni mwingine." "Jambo dogo kama hilo." Kisha mlango unafunguliwa, lori limesimama, anakabidhiwa ungo wenye maneno yale, mbele ya dereva, na pengine mbele ya majirani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nilipoanguka na msalaba kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu.

Mama, wewe unakumbuka Dada alivyotolewa mwali. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Mjomba Aloisi alikuwa mashamba ya mkonge huko chini, mbali, na watu walisema hatafika. Akafika asubuhi yenyewe, miguu imevimba, kaja kwa miguu kipande kizima cha mlima kwa kuwa gari lilizama kwenye tope. Hakunywa hata maji. Alivua viatu pale uani, akanipa mimi nivishike, akainama, akampandisha Dada begani. Nami nikatembea nyuma yao na vile viatu, vizito, vimejaa tope, kuzunguka kijiji chote. Akaniambia, "Shika vizuri, Kasimiri. Siku moja na wewe utavua." Nilivishika mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijua kwamba kazi ile itakuwa yangu, kwa kuwa Dada hana kaka mwingine wa tumbo moja.

Na leo wamepata mwingine. Dada anazungumza na mke wangu, anakataa mimi tu, na utetezi wangu hataki kuusikia kwa mdomo wa mwingine. Alimwambia kwenye simu kwamba mwali atatoka Jumamosi hii inayokuja, ili asichelewe maandalizi ya sekondari, na kwamba atakayembeba ni Damiani, mtoto wa mama mdogo. Mke wangu akamwuliza kwa nini asingoje. Dada akajibu, "Damiani ana mabega, na ana nafasi."

Sina ubaya na Damiani. Ni ndugu yetu, kwa mila anafaa. Ila hayo mabega sijawahi kuona yamebeba hata kikapu cha njegere, mkewe ndiye anayebeba, yeye anatangulia na fimbo. Lakini ana nafasi, hilo siwezi kumbishia. Na wewe unajua maana yake kuliko mimi. Atakayembeba Sesilia Jumamosi ndiye atakayeitwa siku ya posa yake. Ndiye atakayeulizwa kwanza akiumwa, akigombana na mumewe, akizaa. Mimi nitakuwa mgeni anayetoka Kisaki, anayekaribishwa kiti na soda. Kwetu ukoo hufuata mama, watoto wa dada ndio watoto. Nikimpoteza huyu kwa neno moja, sijui nitakuwa nimefanya kazi hii yote kwa ajili ya nani.

Naogopa, Mama. Nasema wazi kwa kuwa wewe ni mama yangu. Usingizi umeniruka.

Naogopa upande huu pia. Ng'ambo ya reli kuna mtu wa mjini amekwisha jenga banda, mashine yake ni ya umeme, haina hendeli wala moshi, na wafanyakazi wawili watapokezana zamu. Wanasema anafungua wiki hii hii. Mashine yangu haijawahi kufungwa kwa zaidi ya siku moja tangu ile habari ya nati. Nikifunga wiki nzima, na hizi ni siku za kuelekea Noeli, wateja watavuka reli, na mtu akizoea kuvuka reli harudi. Nilikaa siku nne nalipima jambo hili. Asubuhi nasema nitaenda, mchana foleni ikiwa ndefu nasema nitatuma mke wangu aniwakilishe. Nilifika mahali pa kufikiri kwamba labda ngoma ingesogezwa mbele. Ona akili yangu ilivyokuwa.

Kilichonikata ni jambo la Neema, dogo tu. Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka stesheni kuona treni ya abiria ikiingia. Ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka hapa, lakini tangu tuanze kuahidiana, treni zimepita nyingi. Wiki iliyopita tulivaa kabisa, yeye na gauni lake la njano, tukafika hatua kumi tu nje ya nyumba. Mtu akaja mbio: kuna msiba, wanahitaji unga wa kuwapikia waombolezaji. Msiba haukataliwi, Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Nikamwambia Neema ningoje kidogo, nisage debe moja. Yakawa madebe sita. Treni ilipiga honi nikiwa ndani ya vumbi, na mimi sikuisikia, niliambiwa. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye pumba na gauni lake la njano. Nikamwuliza kwa ile sauti yetu, "Unacheza nini?" Akanijibu kwa sauti ile ile, "Nacheza baba! Nasema ngoja kidogo!"

Mke wangu alikuwa mlangoni. Huwa ananitania kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni mashine. Siku hiyo hakutania. Alisema, "Misiba itakuwepo siku zote, na unga utasagwa siku zote. Lakini huo ungo hauvunjiki mara mbili."

Nikaenda mashineni, nikachukua chaki, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KUANZIA ALHAMISI SISAGI. NAENDA KUMTOA MWALI WANGU. Nilisimama pale nikingoja matusi. Wanawake wakaja mmoja mmoja, anayejua kusoma akawasomea wengine. Bibi mmoja, mkali, yule anayerudisha unga kila mara akisema haujalainika, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ulikuwa unafikiria mpaka leo?"

"Nilikuwa nawawaza ninyi, bibi. Mtakula nini?"

"Kabla hujaja hapa tulikuwa tunakula udongo? Vinu vipo. Nenda kwa mtoto."

Wakapiga vigelegele pale pale, kwa mwali wasiyemjua, na yule aliyevunjiwa ungo ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Nilifurahi, na hapo hapo nikaumia kidogo kuona kwamba wanaweza kuishi bila mimi. Mtu ni kiumbe wa ajabu.

Utaniuliza kwa nini sipandi basi hiyo kesho pamoja na mwalimu. Ni kwamba mahindi ya watu yapo ndani, yamekobolewa na kulowekwa tayari, nikiyaacha yatachacha, na siwezi kuwaachia watu uchachu nikaja kucheza ngoma. Nayasaga Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi alfajiri tunapanda basi wote watatu, mimi, mke wangu na Neema. Tunalala Bigwa kwa shangazi yake mke wangu. Ijumaa tunapanda na Bwana Mohamedi, lori lake likirudi kuchukua kabichi. Mtafutieni Neema sweta, hajui baridi ni nini, anadhani ni hadithi yangu.

Mvua ndiyo inayonitia wasiwasi. Imeanza kunyesha upande wa Mvuha, na barabara hii ikilowa basi hulala njiani hata siku mbili. Kila wingu nalitazama kama mdai wangu. Nikizama kwenye tope nitashuka, nitatembea, kama alivyotembea marehemu Mjomba Aloisi. Lakini nasema kweli yote: ninaweza nisifike. Ndiyo sababu barua inatangulia.

Ninachokuomba, Mama, ni kimoja. Usimwombe Dada anisamehe, hilo nitaliomba mwenyewe kwa mdomo wangu, nikiwa nimepiga magoti ikibidi. Mwambie tu kwamba Jumamosi Damiani asivue viatu kabla hawajatazama barabara kwa mara ya mwisho. Nisipoonekana, ambebe, na mimi sitakuwa na neno. Na ule ungo, kama Dada hajauchoma moto, uwekeni mahali. Nataka niyasome maneno yangu mwenyewe mbele ya wote, watani wetu wanicheke mpaka washibe. Najua wameshausikia, na najua kabisa jina langu jipya huko ni Hauvunjiki.

Nisalimie shemeji yangu, mume wa Dada, mwambie najua yeye ndiye anayesikiliza hasira za Dada kila jioni kwa niaba yangu. Nisalimie mama mdogo, mama yake Damiani, na hapo kwenye mabega mkimsomea mparuke. Nisalimie katekista jirani yetu, mwambie yale masikio aliyokuwa akiyavuta kwenye mafundisho sasa hayasikii kabisa, na asinilaumu. Nisalimie bibi wa kule juu anayewafunda wali, mwambie naheshimu kazi yake na siulizi kitu. Dada Regina sipeleki salamu kwa barua. Zake nazileta.

Mungu akulinde, Mama. Tia dawa ya macho.

Mimi mwanao,
Kasimiri


Sesilia, hapa mwambie bibi barua imekwisha. Yanayobaki ni yako, soma kimoyomoyo.

Mpwa wangu, niliandika kwamba ni jambo dogo. Sikujua kwamba nilikuwa naandika juu yako, na huo ndio utetezi wangu mbele ya wakubwa. Lakini wewe nakwambia kilicho kweli. Nimejiuliza siku hizi zote: kama ningeelewa ile meseji palepale, ningejibu nini? Naogopa ningejibu "ngojeni kidogo." Hilo linaniuma kuliko ungo. Wewe ulikuwa unakua, na mimi nilikuwa nasaga. Mara ya mwisho nilipokubeba ulikuwa unatosha kwenye mkono mmoja, sijui hata sasa una uzito gani. Nitajua Jumamosi, Mungu akipenda na mama yako akikubali.

Ijumaa jioni ukisikia mtu anapiga hodi kwa sauti ya kuamsha bonde zima, ni mimi, na huyo mwingine anayepiga kelele ni Neema. Nitakuwa nimeshavua viatu. Usinifungulie wewe, mwali hafungui mlango. Mwite mama yako. Akikawia, mwite tena.

Mjomba wako,
Kasimiri